Sura ya Tano: Picha za Mnato Zinapojongea

Mwaka 1975, mjini Phoenix katika jimbo la Arizona, Kandy Fong aliwaonyesha wenzake wa klabu ya mashabiki wa Star Trek kitu ambacho wakati huo hakikuwa hata na jina. Utengenezaji wa tamthilia yenyewe ulikuwa umesitishwa tangu 1969. Fong alikuwa na vipande vya filamu, fremu mojamoja zilizokatwa na kutupwa wakati wa uhariri. Akazigeuza slaidi, akazipanga kwenye projekta, akawa anazibadilisha kwa kufuata wimbo wa kuchekesha uliotungwa na mashabiki. Hakuna kilichosogea ukutani. Kila sura ilitulia tuli mpaka slaidi ilipobadilika, na wimbo ndio uliotembeza hadithi. Wanaoandika historia ya video za mashabiki huanzia hapo.

Ninaanzia hapo mimi pia, kwa sababu kijana wa leo mwenye folda iliyojaa picha za skrini kutoka kwenye gemu anayoipenda, na programu ya akili mnemba inayoweza kuzifanya zijongee, amekaa kwenye kiti kilekile cha Fong. Ana picha za mnato zilizotengenezwa na watu wengine, na anataka ziseme jambo lake yeye. Zana ni mpya. Swali la picha ipi itangulie, ipi ifuate na kila moja ikae kwa muda gani ni la zamani, na hakuna programu iliyolijibu kwa niaba ya mtu.

Yuko mwingine wa kumjua kabla hatujawasha kompyuta. Mwaka 1962 Mfaransa Chris Marker alitengeneza La Jetée, filamu ya dakika 28 hivi ambayo karibu yote ni picha za mnato zikisimuliwa na sauti moja. Ni hadithi ya mtu anayerudishwa nyuma kwenye wakati, baada ya vita vilivyouangamiza mji wa Paris. Katikati ya filamu hiyo mwanamke amelala, picha yake inafuatwa na nyingine na nyingine, halafu kwa sekunde chache anafumbua macho na kupepesa kweli, kama ilivyo kwenye sinema ya kawaida. Ni hapo tu, katika filamu nzima, picha inapojongea. Mtazamaji hushtuka kana kwamba hajawahi kuona mtu akifumbua macho. Marker alikuwa na kitu kimoja tu cha kujongeza, akakitafutia mahali pake.

Hilo ndilo somo la kwanza ninalompa yeyote anayeanza, na ndilo gumu kulipokea. Zana za sasa zinampa mtu mwendo kwa bei ndogo, kwa hiyo anautia kila mahali: nywele zinapepea, mawingu yanakimbia, kamera inazunguka, moshi unapanda, mhusika anageuza shingo, yote ndani ya sekunde tano, na sekunde tano zinazofuata ni hivyohivyo. Video ya namna hiyo inachosha kabla haijafika dakika ya kwanza. Chagua picha itakayojongea. Nyingine ziache zitulie, uzikaribie polepole kwa kamera ya programu ya kuhariri, au uzikate juu ya mdundo kama Fong.

Sasa tuje kwenye gemu. Juni 1996 kampuni ya id Software ilitoa Quake, gemu iliyoweza kurekodi mapambano kwenye faili dogo. Ndani ya faili hilo hamkuwa na picha. Mlikuwa na kumbukumbu tu: nani alikuwa wapi, alielekea wapi, alifyatua lini. Ukilifungua, Quake yenyewe inayacheza mapambano upya mbele yako. Oktoba mwaka huohuo kundi la wachezaji waliojiita Rangers walitoa Diary of a Camper, filamu isiyofika dakika mbili. Mtu amejibanza mafichoni akiwaua Rangers wanaopita, wenzao wanalipiza, na kichwa kinachobaki sakafuni kinageuka kuwa cha John Romero, mmoja wa waundaji wa Quake. Maneno yote ni maandishi kwenye skrini. Kama hadithi, ni nyepesi sana. Jambo kubwa lilikuwa kamera: ilitoka kwenye jicho la mchezaji, ikasimama pembeni na kutazama, kama ya mwongozaji wa sinema. Aina hiyo ya filamu baadaye ikaitwa mashinima.

Miaka saba baadaye, tarehe 1 Aprili 2003, kikundi cha Rooster Teeth cha Texas kilianza kutoa Red vs. Blue, mfululizo wa vichekesho uliopigwa ndani ya gemu ya Halo. Askari wa Halo wamevaa kofia zinazofunika uso mzima, hawana midomo ya kuonekana, kwa hiyo anayezungumza anatikisa kichwa ili tumjue. Tena gemu haikumruhusu mtu kushusha silaha: kila askari alimwelekezea mwenzake bunduki hata wakati wa kupiga soga. Watengenezaji wakagundua hitilafu. Mchezaji mwenye bastola akitazama chini kabisa, kwa wengine anaonekana ameshusha mkono huku kichwa kiko sawa. Mazungumzo yote ya vipindi vile vya mwanzo yalijengwa juu ya hitilafu hiyo, na Halo 2 ilipotoka mwaka 2004 ilikuja na uwezo wa kushusha silaha uliowekwa makusudi. Mashabiki walikuwa wameifundisha kampuni iliyoiunda gemu.

Nimekaa kwenye mfano huo kwa sababu unaonyesha jinsi kazi hii ilivyokuwa kwa miaka ishirini na zaidi. Shabiki alibanana na gemu. Gemu ilimnyima kitu, naye akatafuta njia ya kuzunguka, na ile njia ya kuzunguka ikawa mtindo wake. Mwaka 2005, baada ya vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, kufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois walipokuwa wakiwakimbia polisi, na vitongoji vya Ufaransa kuwaka moto, Mfaransa Alex Chan alitengeneza The French Democracy, filamu ya dakika 13 hivi kueleza hasira ile inatoka wapi. Hakuwa mtengenezaji wa filamu. Alitumia gemu ya The Movies, ambayo mandhari zake zilikuwa za Kimarekani, hata treni ya chini ya ardhi kwenye filamu yake inafanana na ya New York kuliko ya Paris. Magazeti makubwa ya dunia yaliiandika. Hakuna aliyeikataa kwa sababu ya treni.

Akili mnemba inaondoa kule kubanana. Unaiambia mhusika ashushe bunduki, anashusha. Unataka treni ya Paris, inakuja. Na hapo ndipo mtu anapopotea, kwa sababu sasa mipaka inabidi ajiwekee mwenyewe. Mpaka wangu ni mmoja na ninauandika hapa kwa uzito wote: kinachoweza kufanywa na gemu kifanywe na gemu. Mashine ipewe kile ambacho gemu haiwezi.

Chukua Ghost of Tsushima, gemu ya mwaka 2020 kuhusu uvamizi wa Wamongolia katika kisiwa cha Kijapani mwaka 1274. Ukiingia sehemu yake ya kupiga picha, Jin, mhusika mkuu, anaganda hapohapo alipo, upanga hewani. Vibao vyote vya mchezo vinatoweka. Unapewa lenzi, unachagua kina cha picha, saa ya siku, mawingu, aina ya majani yanayopeperuka, na upepo: unavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani. Nyasi zinaendelea kuyumba, kitambaa kinaendelea kupepea, ilhali mtu ametulia. Ni La Jetée iliyopinduliwa, dunia inajongea na binadamu ndiye picha ya mnato. Na unaweza kuirekodi moja kwa moja kama video. Ninaona watu wanapiga picha hiyo, wanaipeleka kwenye programu ya akili mnemba na kuomba nyasi ziyumbe. Wanaomba kubuniwa kitu ambacho kilikuwa mbele yao, kimetengenezwa na wasanii waliokaa miaka wakitazama nyasi.

Ili kuelewa kwa nini mashine hubuni, inafaa kujua inavyofanya kazi, angalau kwa juu. Modeli hizi hufunzwa kwa kuchafua picha kwa chenga, zile zile za televisheni isiyoshika stesheni, kisha kujifunza kuziondoa hatua kwa hatua. Ikishazoea, unaweza kuipa chenga tupu ikaondoa mpaka picha ikajitokeza, ikiongozwa na maelekezo uliyoandika. Modeli ya video hufanya hivyo kwa fremu nyingi kwa pamoja ili zifuatane, na ukiipa picha yako ya skrini, inaichukua kama fremu ya kwanza na kuotea zinazofuata. Stable Video Diffusion, iliyotolewa na Stability AI Novemba 2023, ilitoa fremu 14 au 25 tu. Kling ya kampuni ya Kichina ya Kuaishou ilipofika Juni 2024, klipu za sekunde tano hadi kumi zikawa jambo la kawaida, na wengine kama Runway, Google na OpenAI waliingia humohumo kwenye mbio.

Neno la kushika ni kuotea. Injini ya gemu inajua kilichopo nyuma ya ukuta, kwa sababu kuna mtu alikijenga. Modeli haijui. Kamera ikizunguka nyuma ya mhusika, kisogo utakachokiona ni kisogo cha wastani wa visogo vyote ilivyowahi kuonyeshwa. Mwaka 2021 watafiti wa Intel walionyesha jambo hili kwa uwazi usiosahaulika. Walichukua Grand Theft Auto V, gemu ya mji wa kubuni unaofanana na Los Angeles, na kuifanya ionekane kama video ya kweli, wakiifundisha mashine yao kwa picha za Cityscapes, mkusanyiko uliopigwa zaidi kwenye mitaa ya miji ya Ujerumani. Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Lakini vilima vikavu vya California vikawa vya kijani, lami ikalainika, mwanga ukapoa. Mji ukahamia Ujerumani, kwa sababu ndiko mashine ilikosomea.

Huku kwetu kuna mahali pazuri pa kulipima hilo. Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya kampuni ya Maleo, inamruhusu mchezaji kulivisha basi rangi na michoro yake, na vijana wa Kenya na Tanzania wanaopenda mabasi wameitumia ruhusa hiyo vizuri mno: mabasi ya mikoani yenye majina yake ubavuni, maandishi ya kioo cha mbele, vibandiko vya nyuma, kila kitu mahali pake. Piga picha ya skrini ya basi la namna hiyo likitoka stendi, uipe programu na uombe liondoke. Fremu ya kwanza ni yako, iko sawa. Gurudumu linaanza kuzunguka, vumbi linapanda vizuri kweli. Kisha angalia ubavuni. Herufi zinaanza kulegea. Jina la basi linabaki na umbo la maandishi bila kuwa maandishi, herufi moja inamezwa na jirani yake, na kufika sekunde ya tatu hakuna anayeweza kulisoma. Basi likikata kona, ubavu wa pili, ambao picha yako haikuuonyesha, unakuja na michoro isiyo ya kampuni yoyote duniani.

Mtu asiyejua mabasi hataona kitu. Shabiki wa mabasi ataona mara moja, na video hiyo ilitengenezwa kwa ajili yake. Hapa ndipo ninaposimama katika mjadala mzima wa zana hizi: thamani ya video ya shabiki ni ujuzi wa mambo madogo, na mambo madogo ndiyo ya kwanza kupotea mashine inapoachiwa usukani. Kovu linalopita kwenye jicho la Geralt, mhusika mkuu wa gemu ya The Witcher 3, linafifia kidogo kila klipu mpya inapotengenezwa, hadi dakika ya pili una mzee mwingine mwenye mvi. Mtu anayempenda Geralt hawezi kuvumilia hilo, na asivumilie.

Dawa zipo, na nyingi ni za mikono. Tengeneza klipu fupi kuliko unazoruhusiwa, ukate kabla sura haijaanza kupotea. Katika sekunde tano, mara nyingi mbili ndizo zenye maana. Programu kadhaa hukubali picha mbili, ya kuanzia na ya kumalizia: rudi kwenye gemu, acha kamera palepale, sogeza mhusika, piga ya pili, na mashine itakuwa na pa kufika badala ya kutangatanga. Kwa basi, kata ubavu wenye maandishi kutoka kwenye picha ya asili na kuulaza juu ya video katika programu ya kuhariri, fremu kwa fremu ikibidi, kisha vumbi, mawingu na watu wa nyuma waachie mashine. Ni kazi ya usiku kucha. Andika maelekezo mafupi yanayotaja mwendo mmoja tu. Na usiombe kamera izunguke kwenda upande ambao picha yako haikuuona.

Halafu kuna vile ambavyo gemu kweli haiwezi, na hapo mimi ni mtetezi wa zana hizi bila kusita. Wahusika wawili waliosafiri pamoja saa sitini za mchezo na hawajawahi kukumbatiana kwa sababu hakuna aliyewatengenezea mwendo huo. Mji unaotajwa kwenye mazungumzo tu na hauonekani popote. Gemu za zamani ambazo nyuso zake zilikuwa madoa ya rangi. Tangu ESRGAN, mbinu ya kukuza picha ya mwaka 2018, mashabiki wa Morrowind na Doom wamekuwa wakizisafisha na kuzikuza picha za gemu hizo kwa mapenzi makubwa. Shabiki anayetumia mashine kujaza pengo alilolitazama kwa miaka mingi anajua pengo lina umbo gani. Atajua pia pale mashine inapolijaza vibaya.

Sauti ni habari nyingine, na hapa sitaki kulegeza. Kunakili sauti ya mwigizaji kutoka kwenye gemu sasa ni rahisi, na watu wanafanya. Mwaka 2023 waigizaji wa sauti walilalamika hadharani baada ya sauti zao za gemu ya Skyrim kutengenezwa upya na kutumiwa kwenye nyongeza za ngono. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiliingia kwenye mgomo dhidi ya kampuni kubwa za gemu tarehe 26 Julai 2024, ukaendelea hadi Juni 2025, na kiini chake kilikuwa ulinzi dhidi ya akili mnemba. Njia ya heshima ipo. Miłogost Reczek, mwigizaji wa sauti wa Poland, alifariki mwaka 2021; kampuni ya gemu ya CD Projekt ilipotaka mhusika wake arudi katika Phantom Liberty, nyongeza ya gemu ya mwaka 2023, iliomba ruhusa kwa familia, mwigizaji mwingine akasoma mistari, na teknolojia ya Respeecher ikaigeuza sauti hiyo kuwa ya Reczek. Shabiki hana familia ya kuiomba wala mkataba wa kusaini. Kwa hiyo asiinakili sauti ya mtu.

Wala haihitaji. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sauti moja inavyoweza kuibeba sinema ya watu wengine kabisa. Lufufu jijini Dar es Salaam na DJ Afro nchini Kenya walizichukua filamu za Hong Kong, India na Hollywood na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, wakawapa wahusika majina, tabia na utani wa mitaani, na watu wakalipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi. Rekodi sauti yako kwenye simu, chumbani penye mapazia na magodoro ili isirudishe mwangwi. Picha za gemu zikisimuliwa na mtu aliyezicheza zina joto ambalo sauti ya kutengenezwa haina.

Kuhusu haki, kwa ufupi. Picha ya skrini uliyoipiga bado ina kazi ya watu walioiunda gemu. Kampuni nyingi zina masharti yaliyoandikwa: Microsoft ilichapisha ya kwake mwaka 2007, Nintendo mwaka 2018, ikihimiza video ziwe na ubunifu wa mtengenezaji mwenyewe. Soma ya gemu yako kabla hujaanza, hasa kama unafikiria kupata fedha. Soma pia kanuni za mashabiki wenzako, kwa kuwa yako makundi yanayokataza kabisa chochote kilichopitia akili mnemba, na wana haki ya kuweka masharti nyumbani kwao.

Mwisho wa video, andika jina la gemu na studio iliyoitengeneza, aliyetoa sauti, muziki ni wa nani, na sehemu zipi zilifanywa na mashine. YouTube tangu 2024 inadai tangazo la namna hiyo kwa picha zinazoweza kudhaniwa ni za kweli. Wewe tangaza hata pale isipodai. Na zile picha za asili, jinsi zilivyotoka kwenye gemu kabla hazijaguswa, zihifadhi kwenye folda yake peke yake, kila moja na jina la mahali ilipopigwa ndani ya mchezo. Zana za mwakani zitakuwa nyingine, na utataka kuanzia hapo.